Kupinga na kugombeza kwa Kiingereza: neno lipi, na kwa nani

Ukitafuta "scold" katika kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili, utaletewa karipia na gombeza. Ukitafuta "rebuke", utaletewa karipia na kemea. "Reprimand" nalo ni karipia, mara hii kwa nyongeza ya onya. Mwanafunzi hufunga kamusi akiamini kwamba yote matatu ni mamoja, na hapo ndipo barua ya kazi inapoharibika. Mwingereza akisoma "scold" anamwona mtoto, akisoma "rebuke" anamwona mkubwa wa nchi, na akisoma "reprimand" anaiona faili ya mtumishi.

Nafundisha Kiingereza hapa Unguja, na wengi wanaonijia ni watu wazima: watu wa mapokezi katika hoteli za Nungwi na Paje, makarani wa bandarini, waongozaji watalii wa Mji Mkongwe, vijana wanaotaka kazi ya habari. Kiingereza wanakijua. Kinachowakwamisha ni eneo hili hasa, la kueleza kwamba fulani alikataa jambo, au alimsema mwenzake, au alimwonya. Lugha yetu imejaa maneno ya aina hiyo, kila moja na ladha yake, nao wanataka Kiingereza kiwape ladha zile zile. Kiingereza kinazo, ila kimezigawa kwa namna nyingine.

Mgawanyo wake unategemea mambo mawili, nami huwataka wanafunzi wajiulize kabla ya kugusa kamusi. Kwanza, msemaji yuko wapi kwa cheo, umri au mamlaka ukimlinganisha na anayeambiwa: juu, chini, au wako sawa? Pili, unataka kulitumia neno ili jambo lifanyike papo hapo, au unasimulia tu kwamba lilifanyika? Ukali wa hasira, ambao ndio watu wengi huanza nao, unakuja nyuma ya hayo.

Swali la pili linataka maelezo kidogo. Wakili akisimama mahakamani akasema "I object", ameshapinga kwa kulitamka neno lenyewe. "I protest" ni vivyo hivyo. Lakini humsikii Mwingereza akimwambia mwanawe "I scold you", wala mwenzake wa kazini "I remonstrate with you". Hayo ni maneno ya msimulizi, yanayotumika baada ya tukio kueleza nani alimwambia nani nini. Unayoweza kuyatumia papo kwa papo ni machache: "object", "protest", na kwa adabu zaidi "I wish to make a complaint". Karibu yote yaliyobaki yanasubiri tukio liishe.

Complain, object, protest

Kwa anayesema kutoka chini kwenda juu, au na aliye sawa naye, haya matatu ndiyo ya kupimwa mwanzo.

"Complain" ndilo pana kuliko yote, na ndilo linalotumiwa vibaya kuliko yote kwa sababu ya kiambishi chetu kimoja. Tukisema wakaazi wamemlalamikia sheha, msikilizaji hajui bado kama sheha kapelekewa malalamiko au ndiye anayelalamikiwa, mpaka aijue habari yenyewe. Kiingereza hakikuachii utata huo. "They complained to the sheha" maana yake kapelekewa. "They complained about the sheha" maana yake yeye ndiye tatizo. Nimeona taarifa za hoteli ambamo mgeni anaonekana kumlalamikia meneja kwa tabia yake, kumbe alimfuata meneja kwa heshima kumweleza habari za kelele za jirani. Kosa la neno dogo kama "about" linaweza kumtia mtu matatani. Lipo pia "complain of", ambalo ni la maradhi: daktari akiandika "complains of chest pain" hamlaumu mtu, anaandika tu kile mgonjwa anachosikia mwilini.

Kasoro ya "complain" ni kwamba likirudiwa humfanya msemaji aonekane mnung'unikaji. Ukiandika "the guest was complaining all morning" umeshamhukumu mgeni. Nomino yake haina kasoro hiyo. "The guest made a complaint" ni sentensi ya heshima, inayosema kwamba mtu ametumia haki yake. Kwa taarifa ya zamu, chagua nomino.

"Object" ni jembamba zaidi na linakwenda na sababu. Mara nyingi jambo linalopingwa bado halijafanyika, au msemaji ana haki ya kulizuia. Mtu wa Shangani au Kiponda akisikia jirani yake anataka kuongeza ghorofa juu ya nyumba ya zamani, akaiandikia Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, neno lake ni "I object to the proposed floor". Hapa "complain" lingekuwa dhaifu, kwa sababu ghorofa haijajengwa na hakuna cha kulalamikia bado. Kitu cha kukumbuka ni "to" inayofuata, na kwamba baada yake kitendo huja kwa mwisho wa -ing: "I object to paying twice". Wanaoandika "I object to pay" ni wengi, na mtahini wa kidato cha nne hawasamehe.

"Protest" lina uzito wa tamko. Asili yake ya Kilatini ni kushuhudia mbele ya watu, na maana hiyo haijafa. Anayesema "he protested his innocence" hasemi kwamba mtu alipinga kuwa hana hatia. Anasema alitangaza kwa nguvu zote kwamba hana hatia. Watafsiri wa habari za mahakamani hujikwaa hapo mara kwa mara. Waprotestanti wenyewe walipata jina lao kutokana na tamko, lile lililotolewa Speyer, Ujerumani, mwaka 1529.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters, Mjerumani aliyekuwa akitafuta makoloni, alikusanya mikataba yake bara, Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Februari 1885 Ujerumani ikaipa mikataba hiyo ulinzi wake, na Barghash akapeleka telegramu kwa Kaizari kukataa. Wanaoandika historia kwa Kiingereza husema "Barghash protested", na wamechagua sawasawa. Hakuwa na jeshi la kuwatoa Wajerumani. Alichotaka ni iandikwe kwamba hakuridhia, na kwamba nchi zile alizihesabu kuwa zake. Agosti ya mwaka ule ule manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya mji wa Zanzibar, naye akalazimika kukubali. Weka "complained" mahali pale, sultani anakuwa mnung'unikaji. Weka "objected", inakuwa kama alikuwa na kura katika kikao fulani huko Berlin, naye hakuwa nayo. "Protested" linamwacha alivyokuwa: mtawala asiye na nguvu ya kuzuia, anayehakikisha kwamba kunyamaza kwake hakutahesabiwa ridhaa.

Maana hiyo ya kuweka jambo kwenye kumbukumbu ndiyo inayolifanya neno hili liwe na faida kwa mtu wa kawaida. Nahodha wa meli iliyopigwa na dhoruba akifika bandarini huenda kwa notari kuandikisha "protest", kwamba mizigo ikikutwa imelowa, bahari ndiyo sababu na wala si uzembe wa mabaharia. Na wewe ukitakiwa kulipa hesabu unayoiona si ya haki, na huna budi kulipa ili mambo yaende, unaweza kulipa huku ukiandika "paid under protest". Umelipa, lakini haki yako ya kudai hujaiachia. Makarani wote wa bandarini ningependa walijue hilo.

Waingereza husema "protest against" au "protest at". Magazeti ya Marekani huacha kihusishi kabisa, "protest the decision". Fuata moja usichanganye. Na sauti nayo ina kazi: likiwa kitenzi mkazo uko mwisho, likiwa nomino mkazo uko mwanzo. Sisi tuliozoea mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho tunahitaji kulifanyia mazoezi kwa sauti.

Remonstrate

Hili ndilo neno ninaloulizwa kuliko yote, na chanzo ni mpira. Vijana wanaotazama ligi ya Uingereza mabandani mtaa wa Ng'ambo, hapa mjini, hulisikia karibu kila wiki. Mchezaji kaangushwa ndani ya boksi, penalti haikutolewa, wenzake wanamzunguka refa, na mtangazaji anasema "they are remonstrating with the referee". Kutokana na picha, wengi wamejiaminisha kwamba maana yake ni kumtukana refa, au kumzonga. Picha imewadanganya.

"Remonstrate" ina vitu viwili ndani yake: unapinga, na unatoa sababu. Kilatini chake ni kuonyesha, ndiyo maana linafanana na "demonstrate" kiasi cha watu kuyachanganya. Mchezaji anayeonyesha kwa kidole mahali alipoguswa, anayevuta soksi ili refa aone alama ya njumu, huyo ndiye "remonstrating". Anayetukana tu hafanyi hivyo, hata akitukana kwa sauti ndogo. Jambo jingine ni kwamba unayemkabili yuko mbele yako na ana uwezo wa kubadilisha uamuzi. Unaweza kufanya "protest" dhidi ya serikali iliyo ng'ambo ya bahari, kama Barghash. "Remonstrate" ni la ana kwa ana, au angalau la kumwelekea mtu maalumu, na ndiyo maana kihusishi chake ni "with": "with the referee", "with the customs officer". Ukiandika "remonstrate to" au ukamtaja mtu bila kihusishi, sentensi imevunjika. Jambo lenyewe hufuata kwa "about", "over" au "against".

Bunge la Uingereza lilitoa mfano mkubwa wa maana hii. Mwezi Novemba 1641 wabunge walipitisha hati iliyokuja kuitwa Grand Remonstrance, kwa kura 159 dhidi ya 148, wakaipeleka kwa Mfalme Charles I. Ilikuwa na vipengele zaidi ya 200, vingi vikitaja makosa ya utawala wake. Hawakuiita "protest", kwa kuwa walitaka zaidi ya kusema hatukubali: walimwekea mfalme mbele yake orodha ya sababu wakitaka abadilike. Hakubadilika, na kabla ya 1642 kwisha walikuwa vitani naye. Lakini neno lilikuwa mahali pake. Hati kama hiyo ni "remonstrance", na nomino hiyo bado inatumika kwa maombi ya maandishi yenye hoja.

Turudi uwanjani, maana pana somo jingine. Kitendo kile kile ambacho mtangazaji amekiita "remonstrating", refa kwenye ripoti yake hukiandika "dissent", na "dissent" ni kosa la kadi ya njano. Katika mpira wa ngazi za chini Uingereza, tangu msimu wa 2019/20, anayelifanya hutolewa nje kwa dakika 10. Kwenye Euro 2024 UEFA iliagiza nahodha peke yake ndiye amwendee refa kuomba maelezo, wengine wakae mbali. Kwa hiyo msomaji wa habari lazima aangalie nani kashika kalamu. "Remonstrate" linampa mpingaji heshima, linakubali kwamba ana hoja hata kama hoja yenyewe si nzito. "Dissent" linatazama kutoka kwenye kiti cha mamlaka, na halijali hoja.

Kwa maisha yetu ya kila siku neno hili linafaa pale ambapo anayesema ni wa chini au wa sawa na bado anamheshimu anayemwambia. Naibu mwalimu mkuu wa skuli anayemfuata mkuu wake ofisini, mlango umefungwa, akamweleza kwa nini kumfukuza mwanafunzi yule si sawa: "she remonstrated with the headteacher". Mke anayemzuia mume kuuza shamba la mikarafuu Pemba kwa bei ya kutupa, akampigia hesabu ya mavuno yajayo: "she remonstrated with him". Ukitia "complained" pale, umeziondoa hesabu zake zote. Ukitia "quarrelled", umewafanya wagombane, nao hawakugombana.

Jamaa yake ni "expostulate". Linafuata kanuni zile zile, pamoja na "with", ila lina maneno mengi na mikono mingi, na leo limebaki zaidi katika riwaya za zamani. Lielewe ukilikuta, usiliandike.

Niyaweke kando kwa kando katika tukio moja. Boti ya kwenda Mnemba imezuiwa na upepo wa kusi, na mgeni ametakiwa alipe nusu ya gharama ingawa hakwenda. Akienda mapokezi akasema hakuridhika, "he complained". Akisema kabla ya kutoa pesa kwamba hakubali kutozwa, "he objected to being charged". Akilipa huku akisema wazi kwamba analipa bila kuridhia, "he paid under protest". Akikaa na mwenye boti, akamfungulia karatasi ya makubaliano na kumwonyesha kifungu kinachosema hali ya hewa ikiwa mbaya pesa zinarudi, "he remonstrated with the owner". Huyu wa mwisho ndiye ninayependa wafanyakazi wa hoteli wamtambue haraka, kwa sababu mara nyingi ana haki, na taarifa ikimwita "complaining guest" meneja hatamsikiliza.

Scold, tell off, na ule msemo wetu wa "quarrel me"

Sasa tushuke upande wa pili, wa maneno yatokayo juu kwenda chini.

"The teacher quarrelled me" ni sentensi ya Afrika Mashariki. Imetoka moja kwa moja kwenye kugombwa: mwalimu kanigomba. Mwingereza haielewi, kwake "quarrel" inahitaji watu wawili wanaojibizana, nayo huchukua "with". Mwalimu asiyejibiwa hafanyi "quarrel". Kwa mazungumzo ya kawaida badala yake ni "told me off", na mtendewa hukaa katikati: "told me off", kamwe si "told off me". Hili ndilo ningelichagua mara tisa kati ya kumi kwa mtoto, kwa mwanafunzi, kwa kijana wa kazi aliyechelewa. Ni jepesi, halina chuki.

"Scold" ni zito kidogo na lina umri ndani yake. Bibi humfanyia mjukuu aliyevunja kikombe. Ukisema meneja "scolded" karani wa miaka 40, umesema alimfanya mtoto, na huenda ndivyo ulivyokusudia; kama hukukusudia, liache. Kuna sababu nyingine ya kuwa mwangalifu. Kwa karne nyingi sheria ya Uingereza ilikuwa na kosa la kuwa "common scold", na aliyeshitakiwa kwalo alikuwa mwanamke, kwa kugombana na majirani. Kosa hilo lilifutwa mwaka 1967 tu. Kwa hiyo neno hili likiwekwa kwa mwanamke mwenye mamlaka, msimamizi wa hoteli au mwalimu mkuu, wasomaji wengi wa Kiingereza husikia dharau. Mwanamume angeandikiwa "reprimanded". Mwandikie na yeye hivyo hivyo.

"Shout at" ni kufokea. Angalia "at": "he shouted to me" maana yake alipaza sauti nimsikie kutoka mbali, kama baharia anavyomwita mwenzake aliye kwenye ngalawa nyingine, na hakuna ugomvi wowote.

Rebuke, reprimand, warning

"Reprimand" ni la ofisi. Kuna ngazi, kuna kosa lililothibitishwa, na mara nyingi kuna karatasi. "He received a written reprimand" ni adhabu iliyokwisha kutolewa na kuhifadhiwa. "Warning" ni ndugu yake anayetazama mbele: ukirudia, litakupata hili. Barua nyingi za kazini tunazoziita barua za onyo ni "warning letters", na kuziita "reprimand" ni kuzidisha. Uingereza yenyewe iliwahi kuyatumia maneno haya kama ngazi mbili kwa watoto waliofanya makosa madogo: chini ya sheria ya 1998 polisi walianza na "reprimand", likifuatia kosa jingine wakatoa "final warning". Utaratibu huo uliondolewa 2013. Kwao "warning" ndilo lilikuwa zito zaidi, kinyume na ofisi nyingi, na hilo linaonyesha kwamba ukitafsiri kanuni za utumishi lazima usome ngazi zote kabla ya kulipa jina ngazi moja.

"Rebuke" halihitaji faili. Ni kali, fupi, na mara nyingi linasikika hadharani. Magazeti hulipenda: jaji "rebuked" wakili, Spika "rebuked" mjumbe wa Baraza. Kukemea ndilo neno letu lililo karibu nalo zaidi. Ukiwa mwandishi wa habari, hili ndilo litakalokufaa kuliko "scold" kila unapoandika juu ya watu wakubwa.

Admonish

Hapa Kiswahili chetu kina neno zuri sana, nasaha, na watu hawajui walipeleke wapi. Hulitia kwenye "advice", nayo ni baridi mno, haina wasiwasi wa anayekupenda. "Admonish" liko karibu zaidi: linaonya, linakumbusha wajibu, na linamtakia heri anayeambiwa. Kwenye tafsiri za Qur'ani kwa Kiingereza utalikuta pamoja na nomino yake "admonition", mahali pa kukumbusha. Ustadhi wa chuoni anayemweka kijana pembeni baada ya sala ya Isha, akamwambia kuhusu marafiki zake wapya: "he admonished him". Ila liangalie upande wa Scotland, ambako mahakama hulitumia kama hukumu kamili: mtu kapatikana na hatia, akaonywa, akaachiwa.

Blame au reproach

Kama kuna mahali pamoja ambapo ningependa msomaji akae kidogo, ni hapa, kwa sababu lawama ni nguzo ya maisha yetu. Mtu amepita mlangoni kwako bila kukuamkia, unamlaumu. Shemeji hakuja kwenye hitima, mnamlaumu. Ndugu kaozesha binti hakukwambia mpaka siku ya mwisho, unamlaumu, naye anakuja kukutaka radhi, yanakwisha. Lawama kama hiyo inatolewa kwa mtu wa karibu tu. Mtu baki huwezi kumlaumu kwa kutokuja hitimani, humtarajii.

Kijana akiipeleka kwenye Kiingereza huandika "my aunt blames me because I didn't visit", na mgeni anayesoma hushtuka. "Blame" inatafuta aliyesababisha madhara. Boti imezama, nani wa "blame"? Shangazi hatafuti msababishaji wa chochote. Ameumia kwa kuwa anakupenda na hukwenda. Neno lake ni "reproach": "my aunt reproached me for not visiting". Ndani yake mna huzuni na matarajio yaliyovunjika, na hakuna kelele. Kiingereza husema hata "a look of reproach", lawama ya jicho tu. Linakwenda juu, chini na sawa, jambo ambalo maneno mengi ya kundi hili hayawezi. Mtoto anaweza "reproach" mzazi wake, lakini hawezi "scold".

Kumbuka tu kwamba ni la kusimulia. Ukitaka kumpa mtu lawama uso kwa uso kwa Kiingereza, usimwambie "I reproach you", hakuna asemaye hivyo. Sema "I was hurt that you didn't come", au "you could have told me". Na mtu asiye na la kulaumiwa ni "beyond reproach", sifa kubwa kwa mtunza fedha yeyote.

Yaliyobaki

"Upbraid" ni kumhesabia mtu makosa yake moja baada ya jingine. Liko karibu na kusimanga, isipokuwa kusimanga kwetu ni kuhesabu pia wema uliomtendea, na hilo Kiingereza hakina kwa neno moja. "Berate" ni kufoka kwa muda mrefu na kwa hasira. "Castigate" ni kali na la maandishi, la wahariri na ripoti za wakaguzi. "Chide" ni jepesi kiasi cha kuweza kusemwa kwa tabasamu.

"Censure" ni hukumu ya chombo kizima, kama bunge. Seneti ya Marekani ilimfanyia hivyo Rais Andrew Jackson mwaka 1834, kisha mwaka 1837 ikaufuta uamuzi huo kwenye kumbukumbu zake. Lisichanganywe na "censor", ambalo ni kuzuia maandishi yasitoke.

"Abuse" ndilo la hatari. Huku kwetu "he abused me" imezoeleka kwa maana ya kanitukana. Kwa msomaji wa Uingereza au Marekani wa leo, sentensi hiyo inasema umepigwa au umedhalilishwa kijinsia, na mfanyakazi akiiandika kwenye taarifa kuhusu mgeni, inaweza kuletewa polisi. Andika "he insulted me", au "he swore at me" kama matusi yalikuwa ya wazi.

Limebaki kusuta. Mtu kabeba maneno, kayapeleka kwa watu, nao waliosengenywa wanamfuata mlangoni kwake, wakati mwingine kwa ngoma na vigelegele, wakamtoa hadharani kwa alichosema. Siku hizi Kiingereza cha mitandaoni kina "call out", kumtaja mtu mbele ya umma kwa kosa lake, na mwanafunzi akilichagua hilo simkatazi, maana uhadharani upo na aibu ipo. Kinachokosekana ni mlango wa mtu, majirani wanaochungulia, na uwongo unaorudishwa kwa mwenyewe ana kwa ana. "Confront" lina ana kwa ana bila umma. Kwa hiyo ukiandika habari za kusutwa kwa ajili ya wageni, usitafute kitenzi kimoja. Taja waliokwenda, mlango wa nani, nani alikuwa akisikiliza, na maneno gani alirudishiwa.